Thomas Clarkson, Shemasi Aliyeipiga Vita Biashara ya Utumwa

Kila mwaka, tarehe 30 Julai, Kanisa la Uingereza huwakumbuka watu watatu kwa pamoja: William Wilberforce, Olaudah Equiano na Thomas Clarkson. Wilberforce tunamjua, kwa maana jina lake limo katika vitabu vingi vya historia. Equiano alikuwa Mwafrika aliyeonja utumwa mwenyewe, akajikomboa, na mwaka 1789 akaandika kitabu cha maisha yake. Lakini Clarkson ni wachache sana katika mtaa wetu wanaomjua. Ndiyo sababu nimeona vema, ndugu wasomaji, nieleze habari zake, hasa kwa ajili ya vijana wetu wanaorudi nyumbani kutoka vyuo vikuu na kujiuliza elimu yao ni ya kazi gani.

UTOTO NA MASOMO

Thomas Clarkson alizaliwa tarehe 28 Machi 1760 katika mji mdogo wa Wisbech, mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi na tena mwalimu mkuu wa shule ya mji ule. Alifariki Thomas akiwa na umri wa miaka 6 tu, na mama akabaki na watoto watatu wa kulea. Thomas alisoma kwanza pale pale kwao, kisha akapelekwa katika shule ya Mtakatifu Paulo mjini London, na mwaka 1779 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, katika Koleji ya Mtakatifu Yohana. Akapata digrii yake mwaka 1783, na mwaka huo huo akapewa daraja la ushemasi.

Kijana huyu alikuwa mrefu wa kimo, mwenye nywele nyekundu, mwenye bidii na mwenye kupenda sifa. Hilo la kupenda sifa silisemi kwa kumdharau. Yeye mwenyewe alikuja kulikiri. Mwaka 1784 alishinda shindano la insha ya Kilatini la chuo, na mwaka uliofuata akatamani kushinda tena.

INSHA YA MWAKA 1785

Makamu Mkuu wa Chuo mwaka ule alikuwa Dr. Peter Peckard, kasisi ambaye moyo wake ulikuwa umechomwa na habari za utumwa. Akaweka swali la insha kwa Kilatini, akiwataka wanafunzi waeleze kama ni halali kuwatia watu utumwani pasipo hiari yao.

Clarkson hakujua lolote juu ya jambo hilo. Alikuwa na majuma machache tu. Akaanza kutafuta vitabu, akapata kile cha Anthony Benezet wa Marekani kilichoeleza jinsi watu walivyokamatwa katika pwani ya Guinea. Akasoma karatasi za mfanyabiashara mmoja aliyekufa, aliyekuwa amefanya biashara ile. Akawauliza maofisa waliokuwa wamekaa katika visiwa vya Karibi, ambako watumwa walilimishwa miwa. Hapo ndipo furaha ya shindano ilipomtoka. Alikuwa ameingia katika kazi ile akifikiri juu ya heshima ya chuoni. Sasa mchana hakuwa na raha na usiku hakupata usingizi. Aliacha mshumaa ukiwaka karibu na kitanda ili wazo likimjia gizani ainuke kuliandika.

Alishinda. Mwezi Juni 1785 akaisoma insha yake mbele ya wakubwa wa chuo katika Senate House, ukumbi mkuu wa Cambridge, akapigiwa makofi. Kisha akapanda farasi kuelekea London, ambako alitazamia kuanza maisha ya utumishi wa Kanisa, na kwa kipaji chake hakuna aliyekuwa na shaka kwamba angefika mbali.

Njiani mambo aliyoyaandika yalimwandama. Mara akashuka akatembea kwa miguu, mara akapanda tena, akijaribu kujishawishi kwamba habari zile haziwezi kuwa kweli. Lakini ushahidi alikuwa ameukusanya yeye mwenyewe. Alipokaribia kijiji cha Wadesmill, katika wilaya ya Hertfordshire, akashuka tena, akaketi juu ya majani kando ya barabara huku ameshika hatamu za farasi wake. Hapo wazo likamjia kwamba ikiwa mambo ya insha ile ni ya kweli, basi imefika saa ya mtu fulani kuyafikisha maovu hayo mwisho wake. Alikuwa na miaka 25.

Sisi tuliofundisha watoto kuandika insha tunajua jinsi kazi hiyo ilivyo. Mwanafunzi hutafuta maneno mazuri, mwalimu husahihisha kwa wino mwekundu, hutoa alama, na daftari hufungwa. Clarkson alishindwa kulifunga daftari lake.

KAMATI YA WATU 12

Mwaka uliofuata alikaa akiitafsiri insha yake kwa Kiingereza, ikachapishwa mjini London mwaka 1786 na James Phillips, mtu wa madhehebu ya Marafiki, ndio hao Quakers waliokuja kufungua misheni Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Marafiki walikuwa wameanza kuipinga biashara ya utumwa kabla ya watu wengine, lakini walikuwa wachache na sheria za nchi hazikuwaruhusu kuingia Bungeni. Walihitaji watu wa Kanisa la nchi washirikiane nao.

Tarehe 22 Mei 1787 watu 12 wakakutana katika duka la vitabu la Phillips, wakaunda kamati ya kuiondoa biashara ya utumwa. 9 kati yao walikuwa Marafiki na 3 walikuwa Waanglikana. Clarkson alikuwa mmoja wa hao watatu. Mwenyekiti alikuwa Granville Sharp, aliyekuwa amewatetea watumwa mahakamani kwa miaka mingi. Wilberforce, aliyekuwa Mbunge, na ambaye pia alisoma katika Koleji ya Mtakatifu Yohana, akakubali kuwa msemaji wao Bungeni. Basi kazi ikagawanywa: Wilberforce aseme, na Clarkson atafute ya kusema.

Tusifikiri kwamba ilikuwa kazi nyepesi. Wakati ule meli za Kiingereza zilikuwa zikichukua makumi ya maelfu ya Waafrika kila mwaka. Miji ya Liverpool na Bristol ilitajirika kwa fedha hizo. Na tuseme kweli, Kanisa letu lenyewe halikuwa na mikono safi. Chama cha Kanisa la Uingereza cha kueneza Injili ng'ambo, SPG, kilikuwa na mashamba ya miwa katika kisiwa cha Barbados, yaliyolimwa na watumwa, na kulikuwa na wakati watumwa wale walichomwa kwa chuma cha moto kifuani alama ya jina la chama. Mambo haya yanaumiza kuyasoma katika gazeti la Kanisa, lakini shemasi aliyesimama kinyume cha biashara hiyo alisimama pia kinyume cha mazoea ya watu wa nyumbani mwake.

SAFARI ZA KUTAFUTA USHAHIDI

Clarkson alikata shauri kwamba hatahubiri tu. Alitaka vitu vya kuonyesha, majina, hesabu na mashahidi. Katika miaka 7 iliyofuata alisafiri maili zipatazo 35,000, nyingi kwa farasi, na mara nyingi usiku.

Alikwenda Bristol na Liverpool, mabandarini, akaingia katika vilabu vya pombe ambamo mabaharia walikuwa wakinyweshwa mpaka wakose fahamu ili wachukuliwe katika meli za watumwa. Wenye meli walikuwa wakisema kwamba biashara ile ni shule ya mabaharia wa taifa. Clarkson akaomba orodha za meli, akazikalia siku nyingi, akaandika habari za mabaharia wapatao 20,000. Ikaonekana wazi kwamba mabaharia katika biashara ya utumwa walikuwa wakifa kwa wingi kupita wale wa biashara nyingine. Shule waliyoisifu ilikuwa kaburi. Kwa hesabu hiyo hata Mwingereza asiyemjali Mwafrika ilimpasa kusikiliza.

Mjini Liverpool aliona dukani, vimewekwa dirishani viuzwe kama jembe na panga, pingu za mikono, pingu za miguu, kibano cha kubania vidole gumba, na chombo cha chuma cha kupanulia kinywa. Akauliza hicho cha mwisho ni cha nini. Akaambiwa kwamba watumwa wengine hukataa kula ili wafe, na hapo hufunguliwa kinywa kwa nguvu. Alivinunua vyote, akavichukua kila alikokwenda. Mtu aliyeweza kubishana na maneno hakuweza kubishana na chuma kile mkononi mwake.

Mjini humo humo siku moja alikuwa amesimama gatini akitazama bahari. Watu wapatao 8 au 9 wakamjia, wakamsukuma kwenye ukingo wapate kumtosa majini. Aliwatambua baadhi yao kuwa ni watu wa meli za watumwa. Kwa kuwa alikuwa na mwili wa nguvu, alijitupa mbele, akapenya katikati yao, akapona.

Kuna habari nyingine inayoonyesha uvumilivu wake. Mwaka 1790 wapinzani walidai kwamba watumwa walinunuliwa kwa haki, wala hawakukamatwa kwa nguvu vijijini. Clarkson alisikia kwamba kulikuwa na baharia mmoja aliyekuwa ameshuhudia watu wakivamiwa usiku katika mto wa Calabar. Hakujua jina la baharia yule wala meli aliyomo. Alijua tu kwamba yumo katika meli fulani ya kivita ya mfalme. Akaanza kuzipitia bandari moja baada ya nyingine, akipanda meli moja na kushuka nyingine, mamia ya meli, mpaka alipofika Plymouth. Huko, katika meli ya 57 ya bandari ile, akampata. Jina lake lilikuwa Isaac Parker, na ushahidi wake ulisikiwa Bungeni.

SANDUKU NA PICHA

Alikuwa pia na sanduku la mbao lenye vitu vya Afrika: nguo zilizofumwa kwa ustadi, ngozi, pembe za ndovu, mbao nzuri, pilipili, rangi za nguo na vinginevyo. Alivionyesha kwa Wabunge na kwa mikutano ya watu wa kawaida. Alitaka waone kwamba Afrika ni nchi ya mafundi na wakulima, na kwamba mtu akitaka biashara na Waafrika aweza kununua kazi ya mikono yao pasipo kununua mikono yenyewe. Sanduku hilo limehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la mji wake wa kuzaliwa, Wisbech.

Lakini kilichowagusa watu kupita vyote kilikuwa picha. Ilikuwa ramani ya meli ya Brookes ya Liverpool, iliyotolewa kwanza na kamati ya Plymouth, kisha Clarkson na wenzake wa London wakaiongeza na kuieneza mwaka 1789. Ilionyesha watu 482 wamelazwa chini ya sitaha, bega kwa bega, bila nafasi ya kugeuka. Kabla sheria ya mwaka 1788 haijapunguza idadi, meli hiyo hiyo ilikuwa imewahi kubeba watu zaidi ya 600. Picha ilibandikwa ukutani majumbani na katika vilabu kote nchini. Watu waliokuwa wakitia sukari katika chai yao bila kuwaza wakaanza kuona ilikotoka. Clarkson alikadiria kwamba watu wapatao 300,000 waliacha kutumia sukari ya watumwa, na mwaka 1792 maombi 519 yaliyotiwa sahihi na wananchi yakapelekwa Bungeni.

KUSHINDWA, KUUGUA NA KURUDI

Hata hivyo Bunge lilikataa. Mwaka 1791 muswada wa Wilberforce uliangushwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Kisha vita na Ufaransa vikaanza, na kila aliyesema habari za uhuru akadhaniwa kuwa adui wa nchi. Clarkson alikuwa ametumia nguvu zake zote na sehemu kubwa ya fedha zake. Mwaka 1794 mwili ukakataa. Akawa hawezi kusikiliza habari za mateso bila kutetemeka, sauti ikampotea, kumbukumbu zikamchanganyikia. Akaenda kuishi kaskazini penye maziwa na milima, akawa mkulima. Mwaka 1796 akamwoa Catherine Buck, mwanamke mwenye akili na imani, na Mungu akawapa mtoto mmoja wa kiume.

Wengine wangesema mtu huyu amekwisha. Lakini alipopumzika miaka kadhaa, karibu na mwaka 1804 akatengeneza tena mizigo yake, akapanda farasi, akawatafuta mashahidi wapya. Tarehe 25 Machi 1807, siku ambayo Kanisa hukumbuka Bikira Mariamu kupashwa habari na malaika, sheria ya kuipiga marufuku biashara ya utumwa katika meli za Kiingereza ikatiwa sahihi. Kura za Bunge zilikuwa 283 kwa 16. Ilikuwa imepita miaka 22 tangu siku ile ya Wadesmill.

Wala kazi haikuisha, kwa maana biashara ilikatazwa lakini watumwa wenyewe walibaki watumwa. Mwaka 1823, akiwa na miaka 63, Clarkson akaanza safari upya, akazunguka nchi maili elfu nyingi akianzisha matawi ya chama kipya. Bunge likatunga sheria ya kuwaweka huru mwaka 1833, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, na watu wapatao 800,000 wakafika uhuru kamili mwaka 1838. Jambo la kusikitisha ni kwamba pauni milioni 20 zilitolewa kuwa fidia, nazo walipewa mabwana. Watumwa hawakupewa hata senti moja.

Tena Clarkson hakuwa mtu wa kuwatetea Waafrika akiwa mbali nao. Alimsaidia Equiano kwa barua ya kumjulisha kwa marafiki wa Cambridge. Ndugu yake John aliwaongoza watu weusi wapatao 1,200 kutoka Nova Scotia mpaka Sierra Leone mwaka 1792. Na Mfalme Henri Christophe wa Haiti alipokufa, Clarkson na mkewe waliwapokea malkia mjane na binti zake nyumbani kwao Playford, wakakaa nao kama wageni wa heshima.

MAJARIBU YA UZEENI

Mwaka 1837 mtoto wake wa pekee alitupwa nje ya gari la farasi akafa. Mwaka 1838, jeraha hilo likiwa bado bichi, wana wa marehemu Wilberforce walichapa kitabu cha maisha ya baba yao, na ndani yake wakamshusha Clarkson, kana kwamba alikuwa mtumishi tu wa kazi ile, tena mtu wa kutafuta fedha. Mzee wa miaka 78, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kusumbuliwa na mtoto wa jicho, akalazimika kushika kalamu kujieleza. Watu wengi wakasimama upande wake. Mwaka 1839 Halmashauri ya London ikampa uhuru wa Jiji, heshima kubwa sana, na wale wana wa Wilberforce baadaye wakamwomba radhi.

Mwezi Juni 1840 mkutano wa nchi nyingi wa kupinga utumwa ulifanyika London, na Clarkson mwenye miaka 80 akaalikwa kuufungua. Wajumbe waliombwa wasimpigie makofi kwa sababu ya udhaifu wake. Akaingia pamoja na mjukuu wake mdogo, mtoto wa yule aliyekufa, na mamia ya watu wakasimama kimya. Akawahimiza waendelee, kwa maana katika Marekani na kwingineko mamilioni walikuwa bado kifungoni. Alifariki tarehe 26 Septemba 1846, akazikwa penye kanisa la kijiji cha Playford. Huko Wadesmill lilisimamishwa jiwe la kumbukumbu mwaka 1879, na mwaka 1996 jina lake likawekwa katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na la Wilberforce.

YANAVYOTUHUSU SISI

Mtu aweza kuuliza, hayo yote ya bahari ya Atlantiki yana nini nasi? Tarehe 4 Desemba 1857, miaka 11 baada ya Clarkson kufa, Dr. Livingstone alisimama katika ukumbi ule ule wa Senate House, Cambridge, akawaeleza wanafunzi habari za Afrika na utumwa wake. Kutokana na wito ule ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, iliyoleta Kanisa letu Unguja, Magila, Masasi na Nyasa. Mmoja wa wale wana wawili wa Wilberforce, Samuel, wakati huo Askofu wa Oxford, alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale Mkunazini. Hata hivyo katika Tanganyika utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922. Kazi aliyoianza mtu mmoja kando ya barabara ilichukua maisha ya watu wengi kuimaliza, na wengi wao majina yao hatuyajui.

Wazee wetu walifananisha elimu isiyo na matendo na nta iliyokwisha kukamuliwa asali. Siku hizi, kwa neema ya Mungu, karibu kila familia katika mtaa ina kijana mwenye digrii au atakayeipata. Tunafanya karamu, tunapiga picha, tunamshukuru Mungu, na ni haki. Lakini vijana hao, katika masomo yao, wamekutana na mambo ya kweli: mhasibu ameona hesabu zinavyopotoshwa, muuguzi ameona akina mama wanavyokufa kwa kukosa kitu kidogo, mwanasheria ameona mjane anavyonyang'anywa shamba. Wameyaandika katika mitihani yao wakapata alama nzuri. Swali la Clarkson linawangoja: ikiwa yale uliyoyaandika ni ya kweli, ni nani atakayeyashughulikia?

Wala tusiwaachie wasomi peke yao. Clarkson asingefika popote bila mchapaji, bila mabaharia waliothubutu kusema, bila akina mama walioondoa bakuli la sukari mezani. Ibada ya tarehe 30 Julai inapofika, tuwataje hawa watatu katika maombi yetu, na pamoja nao wale wote waliokufa baharini bila kaburi na bila jina. Kisha tumwombe Mungu atupe, wakubwa kwa wadogo, moyo wa kutoyafunga madaftari yetu mapema.